Kidole Gumba Ndicho Mizani

Tuanze na mkono wa kushoto, kwa sababu ndio unaofanya kazi ambayo wengi hudhani inafanywa na kisu. Mpishi wa Butembo, mashariki mwa Kongo, anayekata mboga ya lenga-lenga hahitaji ubao. Analikusanya fungu, analilaza majani yakitazama upande mmoja, analibana ndani ya ngumi juu ya beseni, na kisu kinapita mbele ya ngumi kikimjia yeye mwenyewe. Kisu kinarudia njia ileile. Kinachosogea ni fungu: kidole gumba kinalisukuma mbele kidogo, kisu kinapita, kidole kinasukuma tena. Upana wa kila ukanda unaoangukia beseni umeamuliwa na msukumo huo, si na makali. Mkono uliozoea husukuma kiasi kilekile tangu jani la kwanza hadi la mwisho, na macho ya mwenye mkono yako kwingine kabisa, kwa mtoto, kwa mbabula yenye makaa, kwa jirani anayepita.

Mkato huo nataka kuusoma jinsi mhakiki anavyousoma ubeti: umeundwaje, na umbo lake linafanya kazi gani. Shuleni tulizoezwa kutenga fani na maudhui. Safu hii andika muundo, mtindo, lugha, mandhari. Safu ile andika dhamira, ujumbe, migogoro. Waliosomea Butembo kwa Kifaransa walipewa mgawanyo uleule kwa majina mengine. Siku ya mtihani una faida zake. Jikoni haudumu hata mpaka maji yachemke. Chukua jani lilelile, chumvi ileile, mawese yaleyale, moto uleule. Badilisha mkato tu, na umepika chakula kingine.

Lenga-lenga, ambayo Mtanzania angeiita mchicha, ina jani laini lenye maji mengi, na huiva kwa dakika chache. Ikiingia sufuriani nzima, majani hujikunja pamoja yakawa donge: nje yamelegea, katikati bado mabichi, na chumvi haijafika. Ikiingia kwa kanda nyembamba, kila ukanda unakutana na mafuta peke yake. Halafu kuna uti wa jani. Kwa kuwa ngumi imeyabana majani kwa urefu wake, kisu hakina njia ila kuuvuka uti pamoja na mishipa yake. Nyuzi zote zimekwisha kuwa fupi kabla hazijaonja moto. Anayetaka kuhakikisha akate majani machache kwa kuufuata uti badala ya kuuvuka: kisu hicho hicho, kazi hiyo hiyo, lakini atatafuna mpaka achoke. Mwelekeo wa mkato ni suala la fani tupu, na bado hukumu yake inatolewa na meno.

Ila kabla ya meno kuna vidole, na hao ndio wasomaji wa kwanza. Butembo na mji jirani wa Beni mboga huliwa na bugali, yaani ugali, wa mhogo, wa mahindi, au wa mchanganyiko, na bugali huliwa kwa mkono. Unamega tonge, unalifinyanga, unalibonyeza katikati hadi lipate kishimo, ndipo unazoa mboga. Ukanda wa lenga-lenga wenye urefu wa kutosha hujizungusha kwenye tonge ukashika. Ukizidi urefu, ncha yake inaning'inia na kukupaka mawese kidevuni mbele ya wageni. Ukiwa mfupi mno, unateleza, na mwisho wa chakula sahani imebaki na mboga ambayo hakuna tonge linaloweza kuiokota. Uma hausumbuki na mambo haya. Katika mapishi ya Kifaransa jani la kunukia la persil hukatwa mpaka likawa laini kabisa, kisha likanyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Msomaji wake wa kwanza ni jicho. Sisemi mkato huo ni wa chini. Umeandikiwa hadhira nyingine.

Vitabu vya mapishi hulikwepa jambo hili. Vinasema: kata vipande vidogo vidogo. Vidogo kuliko nini? Sentensi hiyo haina kipimo, haina mwelekeo, wala haisemi atakayekula atakula kwa mkono au kwa uma. Mafunzo ya jikoni hayana tatizo hilo kwa kuwa hayaandikwi. Yana mkono unaoonekana. «Mama, hii ni minene,» mzazi humwambia binti yake, maana kwetu binti naye ni mama. «Angalia kidole.» Basi. Sehemu kubwa ya somo imebebwa na kinachoonyeshwa, na anayeyanukuu maneno peke yake, kama nilivyofanya sasa hivi, amenukuu nusu.

Sasa suala la urahisi, ambalo ndilo watu huuliza kwanza: njia ipi nyepesi ya kukata majani mabichi nyumbani? Jibu langu la kwanza halihusu kisu hata kidogo. Jani lililolowa halikatiki vizuri. Linanata kwenye makali, linateleza chini yake, linabonyea badala ya kukatika. Mboga lazima ioshwe, na ioshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu ikikatwa kwanza maji yanaondoka na utamu na sehemu ya vitamini. Kwa hiyo osha, kung'uta, kisha iache ndani ya ungo au kikapu wakati unamenya vitunguu. Kusubiri huko ni sehemu ya mkato, sawa na pumzi anayovuta mghani kabla ya mstari.

La pili ni makali. Kisu butu hakikati jani. Kinaliponda kwenye mstari mmoja. Utomvu unaotoka hapo ndio ulikuwa na harufu, na sasa umebaki kwenye ubao. Rehani na mnanaa hulipiza kisasi waziwazi: pale seli zilipopondeka, vimeng'enya vya jani hukutana na hewa, na ukingo unageuka mweusi kabla hujafika mezani. Kunoa kisu kwenye kitako cha bakuli la udongo, pale pasipopakwa rangi, huchukua muda mfupi kuliko kulalamika.

Kwa majani mapana ambayo ngumi haiyawezi, yapange moja juu ya jingine, yakunje pamoja kwa nguvu, kisha kata kwa kuvuka mkunjo huo. Wafaransa wanauita mkato huo chiffonade na wanaufundisha vyuoni. Ukiutazama vizuri ni binamu wa mkato wa ngumi: pote pawili jani limefungwa kwanza ili kisu kisiwe na uhuru mwingi. Tofauti ni kwamba wao wanauhitaji ubao. Ubao unataka meza, meza inataka nafasi, na mwenye kupikia uani akiwa ameketi kwenye kigoda hana mambo hayo. Ngumi ilivumbua njia ya kukata hewani, na mboga yote, pamoja na maji yake, inaishia ndani ya beseni. Nairobi wauza sukuma wiki wanaiendesha ngumi hiyo kwa kasi ya kutisha, jioni, wateja wamepanga foleni.

Mkasi je? Wapo wanaoucheka jikoni kana kwamba umetoroka kwa fundi cherehani. Sioni kosa lake. Weka majani ya kitunguu au ya seleri ndani ya kikombe, ingiza ncha za mkasi, kata ukizungusha kikombe. Mtoto anaweza, na anayepika peke yake hachafui kitu. Vipande vitatofautiana ukubwa, na kwa majani ya kunukia tofauti hiyo haina ubaya: vidogo vinayeyuka ndani ya mchuzi, vikubwa vinangoja kutafunwa. Mkasi hauwezi kitu kimoja tu, wingi. Mboga ya watu wanane kwa mkasi ni adhabu.

Niseme na hili, ingawa si la jikoni. Eneo la Beni na Butembo lina historia ndefu ya kukata kwa kipimo. Papaini, itokayo kwenye utomvu wa papai na ambayo kwa miaka mingi imekuwa zao la biashara la huko, huvunwa kwa kulichanja tunda bichi likiwa bado mtini: mistari ya juujuu tu, ili maziwa yatiririke. Anayezamisha wembe ameharibu tunda. Watu waliokulia kwenye kazi hiyo hawahitaji kuelezwa kwamba kina cha mkato ni uamuzi.

Poaro, mboga ya jamii ya kitunguu, inanipa shida nzuri ya kihakiki. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jioni zake zina baridi inayomshangaza mgeni. Milima ya Lubero, kusini yake, hutoa poaro, kabichi, karoti na viazi vya baridi hiyo. Poaro hupaliliwa kwa kurundikiwa udongo ili shina liwe jeupe, na udongo huo huingia katikati ya maganda. Ndiyo sababu mkato wake wa kwanza ni wa urefu: kisu kinaingia katikati ya shina kikipasua kuelekea kwenye majani, maganda yanafunguka, maji yanapita. Mkato wa pili ndio wa kuvuka. Mpangilio huu haugeuziki. Ukianza na kuvuka, umetengeneza pete ndogondogo zenye mchanga ndani, na hakuna wa kuziosha moja moja. Kati ya mboga zote ninazozijua, hii ndiyo ambayo ufuatano wa mikato unasimulia habari za shamba lenyewe.

Na sasa sombe, ambayo inauvunja mjadala wote wa visu.

Sombe ni majani ya mhogo. Tanzania ni kisamvu, Kinshasa ni pondu. Mhogo haupendi baridi ya Butembo sana kama unavyopenda joto la Beni, kilomita zipatazo 50 kaskazini na chini kwa mamia ya mita, upande wa michikichi. Sufuria moja ya sombe iliyoungwa kwa poaro na mawese kwa hiyo imekutanisha nchi ya juu na nchi ya chini. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, kwenda shamba huko kumekuwa jambo la kupima uhai, na fungu la majani linalofika sokoni limebeba hofu hiyo hata kama bei haisemi.

Jani hili halikatwi. Hutwangwa. Swali la mhakiki ni kwa nini umbo hili na si jingine, na kwa mara moja jibu linatoka maabara. Ndani ya jani la mhogo kuna kemikali iitwayo linamarini, na kuna kimeng'enya, linamarase, kinachoweza kuivunja. Jani likiwa zima, viwili hivyo vinaishi vyumba tofauti vya seli. Seli ikipasuka vinakutana, linamarini inavunjika, na mwishowe inatoka sianidi, ambayo ni sumu, lakini ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi na kupotelea hewani ikipewa nafasi. Kisu hupasua seli zilizo kwenye mstari wake tu. Mchi hupasua karibu zote. Kuyachemsha majani yakiwa mazima hakutoshi, kwa sababu moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini yenyewe ni sugu kwa joto. Howard Bradbury na Ian Denton, watafiti wa Australia, walichapisha mwaka 2011 njia za kuyatwanga majani, kuyaacha juani au kivulini kwa saa kadhaa, kisha kuyaosha, ili sumu iondoke bila kupoteza virutubisho kwa kuyachemsha mno. Bibi wa Beni hakungoja makala hayo. Aliijua njia kwa matokeo yake.

Hapo fani na maudhui zimekataa kukaa safu mbili. Huwezi kusema kwamba kutwanga ni «namna» tu ya kuwasilisha jani. Kutwanga ndiko kunakolifanya liwe chakula.

Tuusome mtwango wenyewe. Majani machanga ya juu yanachumwa, vikonyo vinatupwa. Yanaingia kinuni kidogokidogo, maana kinu kilichojaa hurudisha mchi. Mapigo ya mwanzo ni mazito na yana sauti kavu. Jani bado linapinga. Kisha sauti inakuwa nzito, yenye unyevu, na hapo mtwangaji hubadilisha: hapigi tena katikati, anaegemeza mchi ukutani mwa kinu na kusugua, ili vilivyopanda pembeni virudi chini. Masikio yanafahamu kabla ya macho. Poaro na kitunguu vinafuata baadaye, kwa sababu vina maji, na jani likilowa mapema huteleza chini ya mchi badala ya kupondeka. Wakiwa wawili, michi inapishana, na mmoja akichelewa nusu pigo wote wanasimama na kucheka, au wanagombana, inategemea siku.

Kinachotoka ni tope la kijani lenye nyuzi za urefu mbalimbali. Nyuzi hizo ndizo saini ya kinu. Mashine haina saini hiyo. Ile mashine ndogo ya mkono inayobanwa kwenye ukingo wa meza, iliyoundwa kusagia nyama, ina parafujo inayosukuma majani mpaka kwenye sahani yenye matundu, na kisu kinachozunguka nyuma yake. Kila uzi unaotoka una urefu wa karibu sawa. Katika masoko ya Kongo kuna watu wanaojipatia riziki kwa kuwasagia wengine sombe, kwa mkono au kwa injini, na mteja anaondoka na mfuko uliokwisha kazi.

Kuna ugomvi juu ya jambo hili, na unanikumbusha ule wa washairi wetu. Amri Abedi alipotoa «Sheria za Kutunga Mashairi» mwaka 1954, vina na mizani vilipewa hadhi ya katiba; Kezilahabi alipotoa diwani ya «Kichomi» mwaka 1974 bila kuvifuata, watetezi wa sheria hizo wakasema hayo si mashairi. Wapenzi wa kinu nao husema ya mashine si sombe. Siwaungi mkono. Mashine inabana na kukata kwa pamoja, kwa hiyo seli zinapasuka vya kutosha. Kisha sombe hukaa motoni muda mrefu, na muda huo unasawazisha mengi ya yale ambayo ulimi ungeyadai. Zaidi ya hapo, wanaokisifu kinu kwa sauti kubwa mara nyingi si wao wanaoushika mchi. Mabega ya wasichana waliokosa muda wa kusoma kwa ajili ya ladha ya baba mezani nayo yahesabiwe katika uhakiki huu.

Lakini nikubali kinachopotea. Uzi wa urefu mmoja hauna mshangao. Sombe ya kinu hukupa tonge laini, halafu tonge lenye ukinzani kidogo. Ya mashine inakupa tonge lilelile mara ishirini. Kwa sombe naweza kuvumilia. Wengine wameanza kuipitisha lenga-lenga kwenye mashine hiyo hiyo, ati kuokoa muda, na hapo mimi si mvumilivu tena. Lenga-lenga haina sumu ya aina hiyo ya kuitoa wala nyuzi ambazo kisu hakiziwezi. Ikisagwa inatoa maji yake yote, inageuka uji wa kijani, na kile kidole gumba kilichokuwa kikitoa kipimo kimefukuzwa kazi bila sababu. Blenda nayo ni balaa tofauti: haizunguki bila kuongezewa maji, majani yanaelea yakikimbia visu, na unachopata ni povu. Kwa pilipili inayosagwa pamoja na nyanya, kitunguu saumu na seleri, blenda ni chombo kizuri sana. Kiishie hapo.

Mbali na nyumbani uchaguzi wote huu umekwisha kufanywa na mtu mwingine. Katika maduka ya Matonge, mtaa wa Waafrika huko Brussels, sombe iko ndani ya friza, imesagwa, imebanwa bapa ndani ya pakiti. Wanaoishi huko wanaishukuru, nami naelewa. Kuna walioila miaka mingi ambao watoto wao hawajawahi kuliona jani la mhogo lenye vidole vyake likiwa zima. Pakiti ni kama toleo lililofupishwa: hadithi ipo, ila huwezi kujua nini kilikatwa.

Mpishi wa pakiti bado ana nafasi moja ya kuandika chake mwenyewe, na ni seleri. Seleri inayouzwa Butembo ina vikonyo vyembamba na majani mengi, inanukia kuliko ile nene ya Ulaya. Vikonyo vikatwe vidogo viingie mapema pamoja na kitunguu, kwa kuwa vina nyuzi na vinahitaji moto. Majani yabaki mazima pembeni mpaka sombe ikaribie kuepuliwa. Ndipo yakatwe kwa ngumi, kanda pana kidogo, moja kwa moja juu ya sufuria, yakorogwe mara mbili, yafunikwe. Yakikatwa saa moja kabla, harufu imekwenda kwa inzi. Yakisagwa pamoja na sombe, hayajulikani kama yalikuwemo. Yakikatwa hivi, ndani ya tope lililolainika kote kunatokea jani lenye ukingo, na anayekula anasimama kidogo kulitafuna.